Bega la Kaka

Kaka yangu alizikwa Msangano, mvua zikiwa zinaelekea kukatika, na baada ya matanga wazee wa ukoo wakanikalisha kwenye kigoda chake. Ndivyo tunavyofanya sisi. Mtu mzima akifa, nafasi yake haiachwi wazi. Huchaguliwa ndugu wa kuikalia, hupewa vitu vichache vya marehemu, na mtoto wa marehemu huambiwa amwite huyo kama alivyokuwa akimwita mzazi wake. Zamani walirithi mpaka mke. Siku hizi makanisa yamelikemea hilo, na hata yasingelikemea, shemeji yangu ni mwanamke wa milima ya Ileje asiyependa upuuzi, angenitoa mbio na mwiko. Kwa hiyo nilipewa koti, jembe, Biblia iliyochakaa jalada, na raketi ya mpira wa meza.

Raketi iliwekwa juu ya jembe. Mzee mmoja aliigeuzageuza akauliza kama ni ya kugeuzia chapati. Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Mtani wetu, ambaye alikuwa akituchokoza tangu mwili ulipoingia kijijini, akasimama akapaza sauti. "Sikilizeni! Huyu aliyekaa hapa ndiye mkubwa. Tuliyemfukia kule ni yule mdogo."

Ni maneno ya utani, na kwetu msiba usio na watani haujatimia. Lakini yule mdogo ni mimi. Niligeuka nikatazama kaburi, udongo wake ukiwa bado mbichi. Tangu siku hiyo kuna sehemu yangu haikuwa na hakika imelala wapi.

Kaka aliacha mtoto mmoja, binti wa darasa la nne. Shangazi zake walimsukuma mbele. "Msalimie baba."

"Shikamoo, baba," akasema, kwa sauti wanayotumia watoto kusoma shairi la kukariri mbele ya mgeni rasmi.

"Marahaba, mwanangu." Ilikuwa marahaba ya kuazima, na wote wawili tulilijua hilo.

Kaka alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba yake iko Nanyala, karibu na barabara kuu, malori yakipita vikombe vinagongana kabatini. Nyuma ya nyumba kuna meza aliyoitengeneza mwenyewe: plaiwudi mbili zilizopigiliwa juu ya miguu ya kichanja cha zamani cha kukaushia kahawa. Wavu wake ni gunia la vitunguu lililokatwa. Kila jioni alicheza hapo na bintiye mpaka mama mtu aite mara ya mwisho kwa hasira.

Wiki chache baada ya msiba nilikwenda kuwaona, shemeji akaniketisha sebuleni akasema bila kuzunguka. "Shemeji, mtoto hasemi. Anaitikia tu. Chakula mpaka nimgombeze. Nitamtazama mpaka likizo ya Juni iishe. Kama atakuwa hivihivi, naondoka naye, tunahamia kwetu Ileje. Nyumba hii inamla."

"Anataka nini?"

"Atataka nini? Kwa baba yake alikuwa anataka ile meza."

Nilirudi kwangu Tunduma na jambo moja kichwani. Wazee walinikalisha kwenye kigoda mbele ya watu, lakini kigoda ni mbao. Mtu pekee aliyeweza kusema kama nimekalia nafasi ya kaka au nimekalia mbao ni yule mtoto, naye angeondoka likizo ikiisha. Na nilimpenda. Niseme tu hivyo. Nilimpenda kwa sababu alikuwa na paji la uso la kaka, na baada ya muda nikampenda kwa sababu zake mwenyewe.

Tatizo ni kwamba sikuwahi kushika raketi. Mimi ni mtu wa kandanda. Mpira wa meza niliuona mchezo wa watu wanaoogopa vumbi, na kaka nilimwambia hivyo mara nyingi akiwa hai.

Lakini alikuwa ameacha masomo yake mtandaoni. Aliupenda mchezo tangu chuo cha ualimu, akaamua kuufundisha kwa Kiswahili kwa watu wasio na kocha, wale wa vijijini wenye simu na kipande cha ubao. Yeye alisimama mezani, binti akashika simu. Watazamaji hawakuwa wengi. Mimi nilikuwa nikibonyeza alama ya kupenda bila kutazama, kama ndugu wengi tunavyofanya.

Sasa nikatazama. Hapa inabidi nieleze kichwa changu kinavyofanya kazi. Ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha. Siku nzima nafungua majalada ya mizigo inayovuka kwenda Zambia, na kwenye jalada karatasi mpya ndiyo hukaa juu. Unaanza na ya juu, unashuka. Ukurasa wa kaka ulikuwa umejipanga vivyo hivyo, video ya mwisho juu kabisa. Nikaanza na ya juu, nikashuka. Haikunijia kabisa kwamba masomo hayasomwi kama jalada.

Saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakienda kula, mimi nilikwenda nyuma ya ofisi penye kontena bovu lililotelekezwa. Niliegemeza simu kwenye tofali nikapiga mpira kwenye ubavu wa kontena. Madereva waliokuwa kwenye foleni walikuja kutazama. Mmoja wa ng'ambo alinisalimia, "Mulishani," kisha akakaa kwenye tairi akala muwa wake huku akinitazama kama anayetazama sinema. Sikujali. Aibu niliiacha ofisini.

Katika zile video za juu kaka alikuwa na pigo lake. Kabla raketi haijaenda, bega la kulia lilishuka, likatulia chini kidogo, kisha mkono ukatoka mfupi, umebanwa na mwili, kama mtu anayepita kwenye mlango wa banda la kuku. Nikasema, siri ndiyo hii. Katika video moja alitamka kabisa: "Msitazame bega langu, tazameni raketi." Nani asiyewajua walimu? Wakisema hili haliji kwenye mtihani, lisome hilo. Nikalitazama bega.

Na kadiri nilivyoshuka, kaka alinawiri. Mashavu yalijaa. Shati lilimkaa. Alianza kuruka baada ya kupiga, akaanza kutania. Na nyuma ya simu, mahali ambapo katika video za juu palikuwa kimya, ikaanza kusikika sauti ya binti akicheka, mara mojamoja, baadaye kila wakati. Akili ilijua kwamba ninarudi nyuma tu. Moyo haukujua. Moyo ulimwona mgonjwa anapona, na kila mchana nilikwenda nyuma ya ofisi na furaha ambayo nisingeweza kumweleza mtu.

Niliona pia kwamba huko chini bega halishuki. Nikajijibu kwamba wakati huo alikuwa bado hajaigundua siri yake. Mtu akitaka kutoona, hakosi sababu.

Alikuwa na msemo mmoja katika kila somo: "Usiukimbilie. Mpira utakuja wenyewe." Siku moja simu ilizima nikiwa katikati ya mazoezi. Nikaendelea kupiga, na ile sauti nayo ikaendelea. Nilisimama nikalitazama kontena. Hakuna aliyekuwa nyuma yangu. Nikapiga tena, ikasema tena.

Mke wangu aliniambia nimeanza kuketi kama marehemu. Mtu mmoja aliyemjua kaka aliniita sokoni kwa jina la utani la kaka, halafu akajiziba mdomo. Bega langu la kulia likaanza kuniuma asubuhi, nikawa nalichua kwa dawa ya mgongo. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilifurahi. Nilidhani hatimaye wazee walikuwa wamefanya kazi yao barabara, na kwamba aliyekaa kwenye kigoda alikuwa kweli yule mkubwa.

Likizo ilipoanza nikapanda gari Jumamosi kwenda Nanyala. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva na shemeji alikuwa ameianika juu ya meza. Akaikusanya kwenye ungo akatuachia nafasi, akaenda kuketi ukutani aichambue. Binti alikuja bila kubembelezwa. Alianzisha mpira vizuri, ukadunda upande wake, ukadunda wangu. Nikaurudisha kwa pigo la kaka, bega chini, mkono mfupi. Ukavuka gunia la vitunguu na kutua pembeni kabisa. Ulikuwa mpira mzuri, na nilitazama nione kama amefurahi.

Alikuwa ameweka raketi mezani, taratibu, na anaingia ndani.

Shemeji hakuinua uso. "Baba yake alikuwa anapiga hivyohivyo," akasema.

Nikadhani ananisifu.

Nikarudi Tunduma nikaongeza bidii. Kama mtoto haridhiki, basi bega bado halijashuka sawasawa. Nilililaza zaidi. Jumamosi iliyofuata nikampigia lile pigo mara tatu au nne mfululizo, na safari hii hakuingia ndani mara moja. Alisimama na raketi kifuani akinitazama.

"Umechoka, baba?"

"Sijachoka, mwanangu. Anzisha."

Akatikisa kichwa akaenda zake. Nilipoingia ndani kuaga, begi kubwa lililokuwa juu ya kabati lilikuwa limeshushwa, limesimama karibu na mlango. Shemeji aliona ninalitazama. "Likizo haina siku nyingi," akasema, kwa upole, na upole wake ndio uliniuma.

Juma hilo ofisini alikuja mteja wetu mmoja kufuatilia mzigo wake. Ni mama wa makamo kutoka Tanga, muuzaji wa jumla wa vitenge na mablanketi, mwenye sauti ya kuamrisha na vidole vilivyojaa hina. Nilijua kwamba ujanani aliuchezea mkoa wake mpira wa meza, na kwamba ndani ya stoo yake, katikati ya marobota, ameweka meza ya kweli anayofundishia watoto wa wafanyabiashara wenzake. Sikuwahi kumfuata. Nina mwalimu wangu, nilijiambia, tena wa damu.

Alinikuta kwenye kontena. Sikumwona mpaka aliposema.

"Wewe, mwanangu, unaumwa wapi?"

"Siumwi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona bega waliinamisha kama mwenye jipu?"

"Hilo ndilo pigo lenyewe, mama. Nimefundishwa."

"Na nani huyo?"

"Kaka yangu. Kwenye simu."

"Hebu."

Nikamfungulia video ya juu. Aliitazama akiwa na tabasamu la kocha anayejiandaa kukosoa, kisha tabasamu likaondoka. Akairudisha nyuma kidogo, akatazama tena.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Amefariki, mama."

Akasema maneno ya dini yake, taratibu. Halafu akauliza, "Maumivu yalimwanzia begani?"

Ni kweli. Yalimwanzia kwenye mfupa wa bega. Alituambia amelilalia vibaya, halafu akasema ni jembe, halafu ubao wa darasani, na sisi tukaamini kila alichosema kwa sababu alikisema akicheka. Tulijua ukweli hospitali, siku zikiwa zimekwisha. Nilimwambia yule mama hayo yote nikiwa nimesimama juani na mpira mkononi.

Akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Basi hukufundishwa pigo, mwanangu. Umejifunza maradhi."

Alipoondoka niliketi chini nikaegemea kontena. Nikashusha ukurasa mpaka chini kabisa, kwenye video ya kwanza, nikaanza kupanda. Sikurudi ofisini mchana ule. Nilimwona kaka yangu akiwa mzima, anaruka, binti anacheka mpaka simu inatikisika. Nikapanda. Nikaliona bega likisita kwa mara ya kwanza, kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kitu. Nikapanda. Mkono ukafupika. Kicheko kikaanza kuruka baadhi ya siku. Nikamsikia anasema, "Msitazame bega langu," na safari hii niliona kwamba hakuwa anaitazama kamera. Alikuwa anamtazama aliyeshika simu, juu kidogo ya kamera. Alikuwa anamwambia mtoto wake.

Nililia. Si kwa adabu. Dereva mmoja alishuka kwenye lori akanipa maji.

Kesho yake nikaenda stoo kwa yule mama. Aliweka kiberiti juu ya bega langu la kulia. "Kikianguka, umelishusha. Piga." Nikapiga, kikaanguka. Akakiokota, akakirudisha. Kikaanguka. Akaniita gunia, akaniita mlango usio na bawaba, akaniuliza kama kwetu mikono huwekwa kwa mapambo. Kaka alinifundisha bila kuniona. Hata kama pale juani ningekatika mkono, video ingeendelea mpaka mwisho. Huyu aliniona mpaka vidole vya miguu. Nilimchukia siku mbili za mwanzo.

Siku ya tatu, kiberiti kilipokaa kwa mara ya kwanza, mpira ukaenda mwepesi, mrefu, nikajisikia nimetenda dhambi. Nikakitoa kiberiti begani nikakiweka mezani.

"Siwezi, mama. Hili bega ndilo alilobaki nalo kwangu. Ukiliondoa, namzika mara ya pili."

Alikuwa anahesabu mablanketi. Hakuacha. "Kaburi lake liko wapi?"

"Msangano."

"Basi yuko Msangano. Maiti huombewa, mwanangu, haigizwi. Na kama alikupenda, lile bega alilificha usilione. Wewe umelichukua umeenda kumwonyesha nani?"

Nilijua nimemwonyesha nani. Nilimwona binti amesimama na raketi kifuani. Umechoka, baba? Nikakirudisha kiberiti mahali pake.

Jumamosi ya mwisho ya likizo kulikuwa na upepo wa baridi ule wa kwetu unaopita ndani ya sweta. Begi lilikuwa bado mlangoni, sasa limejaa. Shemeji alikuwa jikoni. Nilikusanya kahawa mwenyewe, nikafuta meza kwa kiganja, nikagongagonga mpira juu ya plaiwudi. Ule mlio ulitosha. Binti akatokea mlangoni akiwa na raketi, akasogea kwa kusitasita, na macho yake yalikuwa yameshafika begani kwangu kabla yeye hajafika mezani.

Akaanzisha. Nikarudisha bega likiwa juu, mkono mrefu, na mpira ukapaa juu ya kichwa chake ukaangukia kwenye migomba. Akaufuata. Akaanzisha tena. Nikaupiga kwenye wavu. Wa tatu niliukosa kabisa. Nilicheza vibaya kuliko siku zote, uchezaji usio wa mtu yeyote isipokuwa wangu, na nilisubiri aweke raketi mezani. Sikuisikia sauti ya kaka. Niliitegea sikio, nikakuta upepo tu na lori linapanda gia.

Binti hakuweka raketi. Alizunguka meza akaja upande wangu, akasimama karibu, akanyoosha mkono akalishika bega langu la kulia, akalibonyeza kwa vidole kama mtu anayepima parachichi.

"Haliumi?"

"Haliumi."

"Usinidanganye."

"Sikudanganyi. Bonyeza kwa nguvu."

Akabonyeza kwa nguvu. Akanitazama usoni muda mrefu, akitafuta kile alichokwisha kujifunza kukitambua kwenye uso wa mtu mzima, na hakukipata. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa anakimbilia ndani kila mara. Hakunikataa. Alikuwa ameona baba wa pili naye ameanza.

Akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia Msangano, na shemeji akatoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama, hakutuingilia. Nikamshika mtoto mpaka kikaisha. Kaka alikuwa amekufa, wote watatu tulijua, na hakuna kati yetu aliyekuwa amekalia nafasi yake.

Alijifuta pua kwa mkono wa sweta, akarudi upande wake wa meza, akainua raketi. Shemeji alikuwa bado amesimama pale. Kisha akageuka, akainama mlangoni, akalibeba lile begi kulirudisha chumbani.

"Haya, anzisha," binti akasema. "Baba mdogo."

Nikaanzisha.